Majedwali ya Valea Sării

Crailsheim, 4 Machi 2019

Smaranda,

Ni Ortwin Zikeli anayekuandikia, yule wa maabara ya maji aliyekaa meza ya dirishani. Anwani yako nimeipata katika kitabu cha simu cha Ulm, na nimeona kwamba mbele ya jina lako hakuna cheo cha Daktari. Hilo ndilo lililonikalisha kitako niandike.

Nina saratani ya kongosho. Madaktari hawanifichi kitu, wanasema Aprili, labda Mei. Mke wangu Roswitha alivunjika nyonga mwaka jana na hawezi kuniuguza, kwa hiyo tangu Novemba niko katika nyumba ya wazee. Akili ingali sawa. Mwandiko ndio ulioharibika, univumilie. Nakuandikia kwa Kiromania kwa makusudi. Binti yetu Heidrun hunisomea barua zangu zote, naye Kiromania hakijui. Utakayoniandikia nitaisoma mwenyewe kwa kioo cha kukuzia.

Hapa wote wananiita Daktari. Juzi muuguzi wa zamu, mama mmoja Mbosnia, alipandisha suruali akanionyesha goti. "Daktari, hebu liangalie, limevimba tangu Jumapili." Nikamwambia mimi ni daktari wa maji. Akasema, "Basi niambie kama chai ya hapa inanyweka." Nilicheka mpaka tumbo likauma. Alipotoka nikakukumbuka wewe, na sikucheka tena.

Unakumbuka ulivyonipigia simu mwaka 1991, ulipofika tu Ujerumani, ukaniuliza ufanyeje na shahada yako? Nilikuambia, "Peleka makaratasi wizarani, Smaranda, hao ni watu wa haki." Siku zile mtu wa nje hakuruhusiwa kutumia shahada yake ya uzamivu bila kibali, na kwa nchi za mashariki wizara ilitafuta kwanza maoni ya mtu anayevijua vyuo vya huko. Kwa Romania mtu huyo nilikuwa mimi. Sikukuambia. Miezi minne baadaye jalada lako lililetwa mezani kwangu.

Swali lilikuwa moja tu: je, shahada hii inalingana na ya Kijerumani? Nilijibu hapana, kwa kurasa mbili. Niliandika kwamba mtihani wa siasa ya chama ulikuwa sehemu ya shahada, hivyo kazi hiyo haiwezi kupimwa kwa vigezo vya hapa. Mtihani huo niliufanya na mimi. Shahada yangu ya chuo hichohicho, iliyosimamiwa na profesa yuleyule, ilibadilishwa kuwa ya Kijerumani mwaka 1979 kwa dakika kumi, kwa kuwa babu zangu walikuwa Wajerumani na sheria ilitupa haki hiyo sisi tuliohesabiwa kuwa tumerudi. Karani hakuifungua hata tasnifu. Aligonga muhuri akasema, "Haya, Bwana Daktari, karibu nyumbani." Nami nilikuwa sijawahi kuishi hapa hata siku moja.

Niliogopa kwamba wataona nawapendelea watu wa kwetu. Ndiyo sababu.

Sasa naweza kuiandikia wizara kwamba ripoti ile ilikuwa ya uongo, ili upate haki yako nikiwa bado hai. Niambie tu kama unataka.

Ortwin


Ulm, 11 Machi 2019

Ortwin,

Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili nikiwa nimekaa.

Kwanza ondoa wasiwasi wa cheo. Romania ilipoingia Umoja wa Ulaya mwaka 2007, shahada ya uzamivu ya kule ikawa inatambulika hapa bila kumwomba mtu kibali. Wewe mtaalamu wa mambo hayo najua ulijua, ila kadi ya kuniambia hukuituma. Nilikwenda ofisi ya manispaa na cheti changu. Karani akakigeuza huku na huku. "Mama, hiki ni cha 1981. Mbona umechelewa hivi?" Nikamwambia nilikuwa nasubiri nchi nzima iingie kwanza, ndipo nami niingie. Kitambulisho changu kina Dk. Kwenye kitabu cha simu sikuweka kwa sababu watu hupiga kuuliza dawa ya vidonda vya tumbo.

Lakini mwaka 2007 nilikuwa na miaka sitini. Kabla ya hapo, miaka kumi na mitano, nilivaa buti za mpira nikachota sampuli za maji chini ya Bwana Daktari Pfisterer, mdogo wangu kwa miaka kumi na minane. Ni mtu mwema. Ripoti niliandika mimi, sahihi alitia yeye. Mwaka 1998 aliniambia, "Bi Bucșa, wewe ungekuwa daktari mzuri sana." Nikamwambia ahsante.

Hayo yamekwisha. Kuna jingine ambalo halijaisha.

Barua ya kunikatalia ilisema uamuzi umefuata "maoni ya mtaalamu aliyefanya kazi miaka mingi katika idara husika". Niliketi nikahesabu. Waliofanya kazi miaka mingi katika idara yetu na kujua Kijerumani cha kuandikia wizara walikuwa wanne. Wawili walikuwa wamekwisha kufa. Wa tatu ulikuwa wewe, ambaye ulinituma wizarani kwa mdomo wako mwenyewe. Akabaki Profesa Onaciu. Nilikuwa nimemwacha mwaka uleule aliotaka nishike nafasi yake, na siku ya kuaga hakuniinulia macho. Nikaamini kwamba amelipiza.

Aliniandikia barua tatu. Zote nilizirudisha bila kuzifungua. Mwaka 1996 akafa. Sikwenda kumzika, wala mkewe sikumpelekea hata mstari mmoja wa pole. Huyo ndiye mtu aliyenifundisha kushika kipimajoto, Ortwin. Nadhani hili hukulijua. Sasa unalijua.

Tena, sababu uliyonipa si ya kweli. Mwaka uleule Doru Măcelaru wa idara ya udongo alipata kibali, na aliwaonyesha watu wote ripoti ya mtaalamu wake, kurasa tano za sifa tupu. Kama mtaalamu wa Romania ulikuwa wewe, basi kwa Doru hukuogopa kuitwa mpendeleaji. Niambie sababu yenyewe. Wizara haina haja nayo tena. Mimi ninayo.

Smaranda Bucșa


Crailsheim, 20 Machi 2019

Smaranda,

Siku tatu nimeshindwa kushika kalamu, na si kwa ajili ya ugonjwa peke yake. Habari ya Onaciu sikuijua. Naapa.

Sababu ni majedwali.

Mwaka 1971 ulipokuja idarani ulikuwa na miaka ishirini na minne, mimi thelathini na mitatu, na tasnifu yangu ilikuwa imekwama. Nilikuwa na nadharia nzuri ya chemchemi za chumvi za Valea Sării bila vipimo vya kutosha. Wewe ulipanda kule vipupwe viwili vya theluji na kiangazi cha katikati yake. Mimi kifua kilikuwa dhaifu, au ndivyo nilivyosema. Kila Ijumaa uliniletea daftari nami nikanakili. Tasnifu yangu ikapita mwaka 1973 ikiwa na majedwali kumi na moja, na mahali pa jina la aliyepima niliandika: mwandishi.

Mwaka 1981 ulitetea tasnifu yako, ukatumia vipimo vyako mwenyewe kama ilivyokuwa haki yako. Mimi nilikuwa huku tayari. Onaciu akaniandikia: "Ortwin, haya majedwali ya Smaranda nimeyaona wapi?" Nikamjibu kwamba tulipima pamoja. Hakuuliza tena. Labda zile barua tatu alizokuandikia zilihusu jambo hili. Sina hakika, na sasa hakuna wa kumuuliza.

Jalada lako lilipofika mezani kwangu tasnifu yako ilikuwa ndani. Ukipewa kibali, nakala moja ingewekwa katika maktaba, na yangu ilikuwa palepale tangu 1979. Mtu yeyote angeweza kuzilaza mbili kwenye meza moja. Nisingeweza kusema wewe ndiye uliyeiba, na kusema mimi ndiye niliyeiba sikuweza pia. Jalada likikataliwa, tasnifu inarudi kwa mwenyewe. Nikaandika zile kurasa mbili.

Ninaambatisha barua kwa mkuu wa chuo chetu, yenye sahihi yangu. Nimekiri yote na nimeomba wanivue shahada. Ukiipeleka, watafanya wanavyofanya. Ukiichoma, hakuna atakayejua. Nakuachia wewe uamue. Nadhani hiyo ndiyo haki.

Ortwin


Ulm, 27 Machi 2019

Ortwin,

Nakurudishia barua yako kwa mkuu wa chuo. Ina makosa.

Ukurasa wa kwanza umeandika majedwali kumi na moja. Yangu ni tisa. Jedwali la sita na la tisa ulipima wewe, Juni na Julai 1972, nilipokwenda kumzika mama. Ulipanda mwenyewe na kifua chako, ukashuka umebabuka pua kwa jua, na mpishi wa kambi akakuuliza kama umepima maji au umepima jiko. Umesahau? Mimi sijasahau. Siwezi kupelekea chuo barua inayonipa vipimo visivyo vyangu.

Ukurasa wa pili umeandika kwamba maisha yako yote ni uongo. Ondoa mstari huo. Chuo hakina idara ya maisha. Waandikie namba za majedwali, miaka, nani alipima, na ulivyoandika mahali pa jina. Nusu ukurasa inatosha.

Na hili la kuniachia mimi niamue nalikataa. Umepanga vizuri, Ortwin. Nikiichoma, nitakuwa nimekusaidia kuficha. Nikiipeleka, itasemwa nimemvua mgonjwa aliyelala kitandani, nawe utakuwa umelala salama. Kalamu iliyoandika hapana mwaka 1992 ilikuwa mkononi mwako, si mwangu. Kama unataka barua hii ifike, andika mwenyewe chini ya sahihi: "naomba ipelekwe." Kama hutaki, usiniletee. Sitakuandikia tena kuuliza, na sitakusema kwa mtu.

Uliniuliza ninataka nini. Nataka vipimo viwe na jina la aliyepima.

Kunywa maji, hata kama hayapiti vizuri. Mama yangu nilimpa kwa kijiko kidogo kilicholowekwa kwenye barafu, akaweza.

Smaranda


Crailsheim, 29 Aprili 2019

Mheshimiwa Dk. Bucșa,

Mimi ni Heidrun Zikeli, binti wa Ortwin. Baba alifariki tarehe 17 Aprili asubuhi. Tulimzika Jumanne baada ya Pasaka. Sikukutaarifu mapema, na sitakudanganya kwamba nilisahau.

Tarehe 5 aliniita akaniambia nimpigie chapa barua. Aliisema kwa Kijerumani, polepole, akisimama kila mstari kuvuta pumzi. Nilipoelewa ni barua ya nini nikakataa. Nikamwambia, "Baba, huu ugonjwa ndio unaosema." Akanijibu, "Ugonjwa haujui hesabu, mwanangu. Andika tisa." Sikuandika. Nikaenda kukaa kwenye gari. Niliporudi, muuguzi Mirsada alikuwa ameshaiandika kwa mkono wake, baba ametia sahihi, na Mirsada ameshika bahasha kama mtu aliyeshika yai. Nikamwambia, "Nipe hiyo." Akasema, "Nimemwahidi mzee, dada. Ukitaka kugombana, gombana na yeye." Akaenda kuituma kwako mwenyewe. Nadhani unayo sasa.

Baadaye nilizikuta barua zako chini ya mto wake, nikampata mtu wa kunitafsiria. Nimezisoma zote. Ulimsahihisha baba yangu kama mwalimu anayesahihisha daftari, na yeye amebakiwa na siku ishirini.

Sikulaumu kwa kuwa na hasira. Alichokutendea mwaka 1992 kilikuwa kibaya na hakina utetezi. Lakini naomba unisikilize kwa mambo mawili.

La kwanza ni mama. Ana miaka sabini na minane. Tangu 1979 kila mtu mtaani anamwita Bi Daktari, kwa cheo cha mumewe, kama ilivyo desturi ya watu wa umri wake. Dukani kwa mwoka mikate wanamwekea mkate wake kando: "Huu ni wa Bi Daktari." Hana kingine alichobakiwa nacho cha baba isipokuwa pensheni na jina hilo kwenye kengele ya mlango. Wewe una cheo chako kwenye kitambulisho. Barua hii haikuongezei kitu. Kwetu itachukua.

La pili: alikuwa kwenye mofini, ile dawa kali ya maumivu, tangu katikati ya Machi. Kuna usiku aliongea na farasi. Tutajuaje kwamba hakuyatunga haya, kwa huruma, au kwa hofu ya kufa? Mtu aliye katika hali ile husema analoulizwa. Hakuna ushahidi mwingine isipokuwa maneno yake na yako.

Tafadhali usiipeleke. Irudishe kwangu, au iweke ndani ya kabati lako mpaka mama naye aondoke.

Heidrun Zikeli


Ulm, 6 Mei 2019

Heidrun,

Pole kwa msiba. Nakuita kwa jina la kwanza kwa sababu nilikubeba. Ulikuwa na miezi saba, mwaka 1977, pikiniki ya idara. Ulinitapikia koti, na baba yako akasema hiyo ndiyo sampuli ya kwanza ya binti yake.

Barua imekwisha kwenda. Ilinifikia tarehe 13 Aprili, ikiwa na mwandiko wa Mirsada na sahihi ya baba yako, na chini yake, kwa mkono wake mwenyewe, herufi zikipanda na kushuka: naomba ipelekwe. Iliandikwa inavyotakiwa, nusu ukurasa, majedwali tisa. Nilikaa nayo siku kumi. Nilijiuliza hayo unayoniuliza wewe, kasoro habari ya mkate, ambayo sikuijua. Jumanne baada ya Pasaka, posta ilipofunguliwa, nikaituma kwa rejista. Sikujua kwamba saa zile mlikuwa makaburini. Ningelijua, ningesubiri hadi Jumatano. Lakini ningeituma.

Nakala nimempelekea mjane wa Profesa Onaciu. Ana miaka tisini na mmoja. Nimemweleza kwa nini nilirudisha barua za mumewe, na kwamba nilikosea mtu. Mimi sikuwa kwenye mofini nilipomhukumu, Heidrun. Nilikuwa mzima kabisa.

Kuhusu mama yako, watu wa dukani hawasomi taarifa za chuo cha Romania. Wataendelea kumwita hivyo na mkate utaendelea kuwekwa kando, wala sitafungua kinywa. Chuo kitamjibu mtu aliyekufa, huenda baada ya mwaka, huenda kamwe. Kuhusu shahada ya baba yako mimi sikuomba kitu. Aliyeomba ni yeye.

Unasema barua hii hainiongezei kitu. Tasnifu ya baba yako inasomwa mpaka leo. Kila anayeandika kuhusu chemchemi zile anachukua namba kwake, kwa sababu yake ndiyo ya kwanza. Mwaka juzi kijana mmoja wa kule alinitumia makala yake, ameshukuru "vipimo vya Zikeli" kwa vipupwe viwili ambavyo Zikeli alikaa karibu na jiko. Niko hai. Anayetaka kujua vilipimwaje, ningependa ajue wa kumuuliza.

Ushahidi unaoutaka uko nyumbani kwenu. Tasnifu ya baba yako ina jalada la kijani, naamini mama yako anajua ilipo. Huhitaji Kiromania, ni namba tu. Fungua jedwali la nne, Februari 1972. Ndani ya bahasha hii nimekuwekea nakala ya jedwali hilohilo kutoka kwenye yangu. Zilaze pamoja mezani. Utaona zinafanana mstari kwa mstari, mpaka tarehe 14. Hapo baba yako ameandika chumvi gramu thelathini na nane nukta nne kwa lita. Kwangu ni nafasi tupu.

Tarehe 14 sikwenda. Nilikuwa na homa, nimelala kambini, na njia ilikuwa imezibwa na theluji. Ijumaa ile nilipompa daftari, Ortwin aliuliza mbona siku moja haina kitu, nikamwambia. Akasema nafasi tupu haipendezi machoni pa watahini. Maji ya siku ile hakuna mtu aliyeyapima.

Smaranda Bucșa